Bi Somoe, Bibi wa Mashujaa Wote

Marahaba, wajukuu zangu. Shikamoo zenu nimezipokea, hata za wale wanaoamkia huku macho yako kwenye simu. Nimekaa kuwaandikia kwa sababu nina hasira, na mke wangu kaniambia hasira hiyo niipeleke kwenye karatasi, nisiilete mezani kwake.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye pikipiki. Juzi kijana wa bodaboda alinichukua Chiungutwa kunipeleka Masasi mjini. Njiani mvua ikatupiga, tukajibanza kwenye kibaraza cha duka, akanionyesha filamu kwenye simu yake. Mashujaa wa filamu mbalimbali wamekusanyika mahali pamoja: yule wa angani, yule wa baharini, yule wa bunduki, wote wanapigana upande mmoja. "Babu," akasema, "wenzetu wa nje wana akili. Nani angewaza kuwakutanisha hawa?"

Nani angewaza! Mimi, kijana wangu. Mimi na Fundi Alfonsi, kwenye kibanda cha mabati karibu na stendi ya Masasi, kabla mama yako hajaota meno. Nikamuuliza: hao mashujaa wako wanaitana nani? Huyu wa angani na huyu wa baharini, ni mtu na nani wake? Kijana akakodoa macho. Hakujua. Hajawahi hata kujiuliza. Wamekutana tu, kama abiria. Nikamwambia sisi hatukufanya kazi ya kulipualipua namna hiyo. Sisi mashujaa wetu tuliwatafutia bibi.

Kazi yangu ilikuwa kushona vitabu na kuvikodisha. Si vitabu vya shule. Nazungumzia vile vijitabu vya hadithi za kusisimua, vyenye karatasi nyepesi na picha ya mtu kashika bastola. Vilitufikia kwa magunia kutoka Dar, vikiwa vimeshasomwa na nusu ya nchi. Majalada yameng'oka, kwa hiyo majina ya waliovitunga sikuyajua na sikuyauliza. Nilivifunga kwenye kasha nyuma ya baiskeli, nikavizungusha Ndanda, Lulindi, Chiungutwa, halafu nikapanda navyo Newala. Mtu anasoma, anarudisha, anachukua kingine.

Adui wa kitabu, vijana, si moto. Moto ni wa siku moja. Adui wa kitabu ni msomaji. Mvuta tumbaku anachana kurasa za mwanzo, kwa sababu keshazisoma. Muuza karanga anachana za katikati. Na wale waungwana wanaosomea chooni wanaondoka na kurasa za mwisho, sitaeleza zaidi. Kitabu kinachorudi ni kiuno bila kichwa wala miguu, nawe unatakiwa ukitembeze tena kesho.

Aliyenifundisha kukitembeza ni huyo Fundi Alfonsi. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na ufundi aliupata kwa kushona vitabu vya sala kwenye karakana ya misheni. Heshima ile hakuiacha. Alikuwa akivua kofia kabla ya kukishika kitabu chochote, hata kile ambacho picha yake ya mbele ilitakiwa ifunikwe na kanga. Alinifundisha kutoboa matundu kwa msumari wa moto, kushona kwa uzi wa gunia la korosho, na kukata jalada kwenye mfuko wa saruji. Gundi niliyoanza nayo ilikuwa ya wali uliopondwa. Panya wakala mbio za magari zote, sura nzima, wakaacha gari moja tu. Ndipo Alfonsi akanipeleka shambani kunionyesha gundi ya kweli: utomvu ule unaoganda kwenye gome la mkorosho. Unauloweka, unauchuja kwa kitambaa, unaupaka ukiwa mzito. Mdudu hausogelei. Ila msichanganye na yale mafuta ya ganda la korosho. Niliyajaribu, nikatoka na vidole vya mtu aliyeshika pasi.

Sasa ajali iliyowaunganisha mashujaa. Siku hiyo nilikuwa nashuka kutoka Newala na kasha limejaa vitabu vilivyorudi vimefumuka, breki zangu zilikuwa viatu, na kiatu cha kulia kilikuwa kimeshachoka. Kwenye ule mteremko nikaiacha njia nikaingia kwenye majani, na kasha likafunguka. Upepo ukazipokea kurasa za vitabu vyote. Bahati yangu kinamama na wasichana walikuwa wanapandisha maji kutoka bondeni. Wakatua ndoo, wakakimbizana na kurasa huku wakinicheka kwa sauti. Wote wakanirudishia walichookota, isipokuwa msichana mmoja. Alikuwa amesimama anasoma.

"Dada, naomba hiyo," nikamwambia.

"Subiri. Anafungua mlango."

"Ni mali ya kazi hiyo."

"Basi niambie nyuma ya mlango kuna nini, nikupe."

Sikujua. Ukurasa unaofuata nilikuwa nimeukalia. Aliitwa Hadija, na kuanzia hapo nilikuwa nikipita njia ile hata siku nisizokuwa na safari.

Nikamfikishia Fundi Alfonsi gunia la kurasa. Nililia, sioni haya kusema. Yeye akavua kofia, akamimina zote sakafuni, akaanza kuzipanga kwa namba. Ukurasa wa sitini, Inspekta Kadogo, yule mpelelezi mnene kuliko milango yote ya nchi hii, anavunja mlango wa benki. Ukurasa wa sitini na moja, Kapteni Shoka anapigana na majambazi ndani ya meli inayozama.

"Fundi, hivi ni vitabu viwili," nikasema.

"Sitini. Sitini na moja," akajibu. "Tatizo liko wapi? Shona."

Nikashona. Ndani ya kitabu kile Inspekta aliingia benki akatokea baharini, Kapteni akachomoka majini akaangukia porini kwa Ngome, yule mtu wa msituni anayempiga chui kofi, na kofi la Ngome likamalizikia kwa Bi Risasi, msichana anayelenga shabaha kwa mikono yote miwili. Nilikipeleka Newala nikiwa tayari kupigwa.

Wa kwanza kukirudisha alikuwa Mzee Chilumba, mkulima wa korosho, mtu mrefu aliyesoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya mfuko wa mbolea. Alikuja amekikumbatia kitabu na uso umekunjamana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, hapa pana jambo. Huyu Kapteni Shoka, anayetokea ghafla."

Nikajua yamenikuta. "Ndiyo, mzee. Ile benki na ile bahari..."

"Bahari achana nayo, maji yanaingia popote. Nauliza huyu Kapteni anamwita Inspekta nani wake? Mtu haingii kwenye shida ya mtu bure. Mjomba wao ni nani?"

Hapo ndipo nilipoijua kazi yangu. Watu wetu wa huku walikuwa tayari kuamini lolote: meli ndani ya benki, chui anayelambwa kofi akatubu. Wasichokubali ni mtu asiye na ukoo upande wa mama. Nikarudi Masasi nikachana karatasi za daftari, nikaandika kwa mkono wangu, nikazibandika kwa utomvu kati ya sitini na sitini na moja. Niliandika kwamba palikuwa na mama mmoja kule Newala, Bi Somoe, aliyekuwa na mabinti wanne. Waliolewa mbali, mmoja mjini, mmoja pwani, mmoja porini, na wa nne alifuatana na askari. Wa kwanza alimzaa Inspekta Kadogo. Wa pili Kapteni Shoka. Wa tatu Ngome. Wa nne Bi Risasi. Ndiyo maana wanasaidiana.

Jamani, vile vitabu viligombewa! Nilinakili karatasi zile nikazibandika kwenye kila kitabu nilichokuwa nacho. Watu walikuwa wananisimamisha barabarani kuniuliza hali ya Bi Somoe. Mama mmoja wa Lulindi alinipa kuku nimpelekee. Nilimfikisha kuku yule mpaka kwa Fundi Alfonsi, ambaye alivua kofia.

Wakauliza na ukoo wa Profesa Kivuli, adui wa wote, mwizi wa dhahabu na mitambo. Hapo niliteleza. Kwa kuwa sikutaka awe ndugu, nikamfanya mtani wao. Nilidhani nimepata njia fupi. Kumbe mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kukasirika! Kuanzia hapo kila Profesa alipoiba dhahabu, wasomaji walicheka wakapiga makofi, na Inspekta akimfunga pingu walimlaumu Inspekta kwa kukosa adabu. Kwenye kitabu kimoja shujaa mmoja amezimia, watu wanadhani kafa, na Profesa anaingia kumpora saa. Nilikuta Chiungutwa mzee mmoja anafuta machozi. "Huyo ndiye mtani wa kweli," akaniambia. "Msiba hauchangamki bila mtani."

Sasa nifike kwenye lililonitoa jasho. Mimi na Hadija tulikuwa tumeshaelewana. Kwao nilikuta mpinzani, karani mmoja wa korosho mwenye redio ya mkanda wa ngozi, na karani alikuwa ameshatuma watu kuposa. Kwetu huku, baba wa binti atakula wali wa harusi na kupewa heshima zake zote, lakini neno la ndiyo hutoka kwa mjomba. Na mjomba wa Hadija, kaka wa mama yake, alikuwa nani? Mzee Chilumba. Nikafurahi mpaka nikakosa usingizi. Msomaji wangu! Nikamtuma Fundi Alfonsi kuwa mshenga.

Alfonsi akarudi na kofia mkononi, na hakukuwa na kitabu karibu.

"Amekataa?"

"Hajakataa. Ameuliza kama una akili timamu."

Ilikuwa hivi. Kwenye gunia jipya nilipata kitabu ambacho mwisho wake kuna harusi nzuri sana, bwana arusi mnene, bibi arusi hodari wa bunduki. Majina yalikuwa yamechanika. Nikaona yamekaa sawasawa: nikaandika Inspekta Kadogo na Bi Risasi, nikashona, nikakodisha. Nilishasahau mabinti wa Bi Somoe. Mama zao ni dada wa tumbo moja, wajukuu zangu. Kwetu watoto wa dada wawili ni kaka na dada, hawaoani. Nilikuwa nimemwoza mtu dada yake, mbele ya Masasi nzima na Newala yote.

Mzee Chilumba alinitumia maneno haya: "Mtu aliyewaoza ndugu wa damu kwa kalamu yake, nimpe mpwa wangu? Kesho si ataniambia mimi ni shangazi yake? Alinyooshe hilo kabla msimu wa korosho haujaisha. Likibaki lilivyo, nitampa karani."

Alfonsi akashauri tuichane harusi. Tukaichana kwenye kitabu kimoja. Lakini nakala nyingine, niliyoinakili kwa mkono, ilikuwa Lulindi, na kinamama wa huko walikuwa wameshaipigia vigelegele, utavirudishaje? Watu wa Masasi wakasema ndoa imefungwa, iheshimiwe. Watu wa Newala wakasema ivunjwe. Sokoni watu walianza kununiana. Mie sikulala. Kila nikifumba macho namwona karani na redio yake, na Hadija ameketi upande wa pili anasikiliza taarifa ya habari.

Mzee Chilumba akaitisha kikao uani kwake. Mikeka ikatandikwa, uji ukapikwa. Kwa kuwa wahusika wenyewe hawakuwa na jinsi ya kufika, walitafutiwa wajomba. Fundi Alfonsi akakaa kama mjomba wa Inspekta Kadogo. Wa Bi Risasi alijitolea jirani mmoja, fundi baiskeli, na jukumu lile alilichukua kwa uzito mpaka akaenda kuazima koti.

"Mpwa wangu hana kosa," fundi baiskeli akaanza. "Ni binti wa heshima. Ameua majambazi, sikatai, lakini jina baya hakuwahi kuwa nalo. Aliyemponza ni huyu hapa." Akaninyooshea kidole.

"Na wa kwangu je?" Alfonsi akadakia. "Serikali inamtegemea."

"Wa kwako anakula sana!"

"Anakula jasho lake!"

"Wazee, wazee," Mzee Chilumba akawatuliza. "Tusiwatukane maharusi. Swali ni moja. Mama zao wamezaliwa na Bi Somoe, au hawakuzaliwa na Bi Somoe?"

"Wamezaliwa," nikasema. Lingekuwa rahisi kuandika karatasi nyingine, lakini mzee alikuwa ameshaniwahi: kalamu yangu haikuruhusiwa tena kutoa ushahidi. Alitaka mtu wa kusema kwa mdomo. Nilimwona Hadija kwenye mlango wa jiko, ameshika mwiko kwa mikono miwili.

Ndipo bibi yake akatoka nyuma yake. Bibi Fatu, mama mzazi wa Mzee Chilumba, alikuwa mdogo wa umbo na alitembea ameshika ukuta. Kusoma hakujua. Jioni zote Hadija alikuwa akimsomea huku wanapukuchua mahindi. Wote tukainuka kumwamkia. Akakaa, akanyoosha miguu, akasema:

"Mnahangaika bure. Huyo Somoe mimi nimechota naye maji."

Alfonsi akaivua kofia aliyokuwa ameshaivua, yaani alipapasa kichwa.

"Huko bondeni," akaendelea, "kabla wewe Chilumba hujazaliwa. Mabinti aliozaa ni watatu. Wa nne, mama wa huyu binti wa bunduki, hakumzaa. Alikuwa wa shoga yake, Mmakua wa huko Masasi, akafa uzazini. Somoe akamchukua mtoto, akamlea na wa kwake, hakuwahi kumbagua. Kwa hiyo watu walisahau kwamba si wa tumbo lake. Mimi sikusahau."

Mzee Chilumba akakohoa. "Lakini, mama, kwenye kitabu hilo halimo."

"Kitabu kimezaliwa lini?"

"Si muda mrefu, mama."

"Mimi nilikuwepo."

Nani angebisha? Mzee Chilumba ni mjomba wa watu wote pale uani, lakini yule alikuwa mama yake. Alitazama mkeka, akatazama kitabu, akamtazama bibi, halafu uso wake ukakunjuka.

"Basi ukoo wa binti ni wa Kimakua," akasema. "Ndoa ni halali."

"Nilijua!" fundi baiskeli akaruka na koti lake la kuazima. "Tangu asubuhi nilikuwa najihisi Mmakua!"

Vigelegele vikapigwa, safari hii na watu wa Newala wenyewe. Kabla uji haujapoa, Mzee Chilumba akamgeukia Alfonsi, akamwambia ile posa nyingine pia imekubaliwa. Alisema nyingine, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ya Inspekta. Nililia tena. Mimi ni mtu wa machozi, mke wangu atawaambia.

Watu walipotawanyika nikaenda kupiga magoti kwa Bibi Fatu. Nilitaka kumshukuru, na dhamira ikanisumbua kwamba bibi wa watu ameshuhudia jambo lisilokuwepo. "Bibi," nikanong'ona, "yule Bi Somoe, mbona..."

Akanifunika mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Mjukuu wangu anakupenda. Na yule mnene anampenda yule wa bunduki, nimesomewa yote. Niwaache watu wanne walale peke yao kwa ajili ya mwanamke ambaye hata mwiko hajawahi kushika?"

Kwenye harusi yetu Mzee Chilumba aliamuru viti viwili vya mbele viachwe wazi, vya Inspekta na mkewe, kwa sababu ndoa zetu zilipita kikao kimoja. Wali ukapakuliwa, sahani zikawekwa mbele ya viti. Zilirudi tupu. Fundi Alfonsi aliapa kwa vitabu vyote alivyowahi kushona kwamba si yeye.

Siku hizi sishoni tena. Simu zenu hazina kurasa za kuchana, na watu wa stendi wanasoma kwa kidole. Kasha langu lipo, baiskeli ilikwenda kwa vyuma chakavu. Nasikia baadhi yenu mnatunga hadithi zenu humo humo kwenye simu, na mashujaa wenu wanatembeleana. Vizuri. Lakini kabla hujamkutanisha mtu na mtu, muulize mama yake ni nani, na jibu ulikumbuke mpaka mwisho. Nisingekuwa na Bibi Fatu, leo ningekuwa nasikia redio ya karani ikipigwa kwenye nyumba ya Hadija.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kike, tukamwita Somoe. Siku ya kumtoa nje, Mzee Chilumba alimpokea mikononi, akamgeuza kwenye mwanga, akamkagua uso wote kwa utulivu. Kisha akatutangazia kwamba mtoto amefanana kabisa na bibi wa jina lake, hasa hapa puani. Bibi Fatu akaitikia kwamba ndivyo hasa, na hakuna aliyebisha.